Mita Mbili, Mguu Mmoja

"—umeng'oa transfoma ya watu, ukaweka ya kwako, halafu unaniambia—"

"Transfoma gani, shemeji? Kitu kizito kama tofali, ningekitoa nikipeleke wapi, mfukoni?"

"—halafu unaniambia nisubiri ipoe! Ipoe nini? Imekufa!"

"Haijafa! Imenyamaza! Kufa na kunyamaza ni vitu viwili, na wewe hujawahi kufanya hata kimoja!"

"Mmemsikia? Mmemsikia huyu anavyonijibu?"

Walikuwa wamemsikia. Karakana nzima ilikuwa imemsikia. Fundi wa pasi, meza ya jirani, alikuwa ameshika bisibisi hewani tangu ugomvi uanze, na fundi wa simu kule dirishani alikuwa amezima feni ili asipitwe na neno.

Mpelelezi hakupiga hodi. Alisimama mlangoni na mkoba wake begani, akawaacha waendelee. Kazi hiyo alikuwa ameifanya kwanza kwa sare, kisha kwa kujitegemea, na alijua kwamba watu wanaogombana hutoa ushahidi bure. Ukishawatuliza ndipo wanaanza kuuficha. Jina lake la cheti lilishasahaulika. Kila mtu alimwita Bi Kwanini, kwa sababu ndiyo salamu yake.

"Ndio hao," alisema mwanamke aliyemleta, akihema kwa kupanda ngazi. "Anayepiga kelele ni mume wangu. Anayejibu kelele ni mdogo wangu, tumbo moja. Yeyote utakayemkuta na hatia, mimi nimeumia. Kwa hiyo chagua tu."

"Na yule aliyekaa kwenye kreti?"

"Mwenyekiti wa karakana. Huyo hajapiga kelele bado. Huyo ndiye wa kuogopa."

Kati ya wanaume hao wawili, juu ya meza, lilikuwepo amplifaya la gitaa lililofunuliwa tumbo. Lilikuwa sanduku la mbao lenye ngozi nyeusi iliyochanika pembeni, na spika moja kubwa yenye vumbi. Sahani ya chuma ilikuwa imegeuzwa ili waya zake zitazame dari. Upande wa pili wa sahani tyubu zilining'inia, zile taa za kioo za zamani, mbili ndogo na mbili nene.

"Kwa nini?" aliuliza Bi Kwanini.

Wote wawili wakaanza kujibu kwa pamoja. Alinyoosha kidole kwa mpiga gitaa.

"Mama, sikiliza. Hili nimelinunua mkononi, kutoka hoteli fulani iliyoacha muziki wa jukwaani. Lina umri kunizidi. Nikaja nalo hapa kwa shemeji yangu, mtu wa nyumbani kabisa, kwa sababu lilikuwa linanguruma. Akakaa nalo siku kadhaa. Likarudi zuri, sikatai! Nikalipiga Ijumaa, nikalipiga Jumamosi. Jumatatu nawasha, kimya. Nikasema basi, mwanaume ni kujitegemea, nikanunua mita yangu." Alinyanyua mita ya njano ya tarakimu, bado ina plastiki ya dukani kwenye kioo. "Nikafungua, nikapima. Tyubu hii ndogo, mguu wa sita. Watu wote wanaojua wanasema inatakiwa volti mia na themanini hivi. Mimi nimepata mia mbili na themanini. Mia nzima imezidi! Imetoka wapi? Huyu kang'oa transfoma ya asili, maana hizo zinatafutwa, kaweka nyingine ya redio ya bibi yake."

"Bibi yake ni bibi yangu," alisema mkewe. "Na hakuwa na redio."

"Wewe uko upande gani?"

"Wa bibi."

Bi Kwanini alimgeukia fundi. Alikuwa kijana mwembamba, kalamu sikioni, kidole gumba kina alama za moto.

"Sijagusa transfoma," alisema fundi. "Nimebadilisha kapasita mbili, vile vikopo vya kuhifadhi umeme, zilizovimba. Basi. Hizo volti za mguu wa sita nimeziona na mimi, na sizielewi, nasema kweli. Nikapima mguu wa nane, jirani yake. Mita yangu inasema mbili. Mita yake inasema nne na nusu. Mguu mmoja, dakika moja!"

"Kwa sababu yako umeichezea," alisema mpiga gitaa.

"Yangu? Hii niliachiwa na mwalimu wangu!" Mita ya fundi ilikuwa nyeusi, ya mshale, kioo chake kimebandikwa utepe.

Mwenyekiti alikohoa, na karakana ikatulia.

"Bibie, nikueleze sheria yetu, ni fupi. Fundi akitoa kitu kizima cha mteja akaweka chake, anakusanya vyombo vyake siku hiyo hiyo, na meza hairudi. Hata angekuwa mwanangu wa kumzaa. Na karakana nyingine mji huu hazimpokei, maana wenyeviti tunapigiana simu. Nimekubali usikilize kwanza kwa ombi la dada yake. Ila tukifunga jioni, nitakuwa nimeamua."

Mkono wa fundi ulikuwa umeshika ukingo wa meza. Ubao pale ulikuwa umelika, una shimo la kina la kiwiko chake.

"Liwashe," alisema Bi Kwanini.

"Kwanza mkono mfukoni," alisema fundi.

"Mkono wa nani?"

"Wako, mama. Wa kushoto. Humu ukiingiza mikono miwili umeme unakatiza kifuani. Kwa mkono mmoja unakurusha tu, unaamka una hasira."

Bi Kwanini akatia mkono mfukoni. Mpiga gitaa akafanya hivyo. Mwenyekiti, aliyekuwa mbali kabisa na lile amplifaya, naye akatia wake, na fundi wa pasi pia. Fundi akabonyeza swichi.

Mwanzoni hakuna kilichotokea. Kisha ndani ya vioo, chini kabisa, vikaonekana vijiti vyembamba vikipata rangi, kwanza ya kutu, halafu ya chungwa, halafu ya kaa la moto ukilipulizia. Bi Kwanini alijikuta ameinama. Aliwahi kuona maiti, moto wa ghala, na mtu aliyekiri kosa huku akicheka. Hili hakuwahi kuliona: joto linapanda kutoka kwenye kioo bila moshi, na chini ya waya mngurumo mdogo unaoanza kama koo la mtu mzito anayetaka kuamka.

"Hii ni volti ngapi, yote kwa jumla?" aliuliza kwa sauti ya chini.

"Ya kutosha kukuzika," alisema fundi, naye kwa sauti ya chini.

"Haya. Tuanze na mashahidi wawili. Nani ana betri mpya?"

Fundi wa simu alileta betri ya mraba. Bi Kwanini aliigusisha mita ya njano: tisa. Akaigusisha ile nyeusi: mshale ukapanda, ukasimama kwenye tisa.

"Hakuna mwongo hapa," alisema. "Mita ya shemeji yako haijachezewa."

Mpiga gitaa akajisogeza karibu aone mwenyewe.

"Sasa mguu wa nane."

Njano: nne na nusu. Nyeusi: mbili. Akarudia. Njano: nne na nusu. Nyeusi: mbili. Alirudia tena akiwa ametoa miwani, kana kwamba miwani ndiyo ilikuwa inadanganya.

"Mashahidi wawili wakweli, swali moja, majibu mawili," alisema. "Nimewahi kuona hivi. Mtoto mmoja wa kambo alikuwa akimjibu baba hivi na mama vile. Hakuwa anadanganya. Alikuwa anamwogopa mmoja." Aliweka mita chini. "Tuache kwanza. Transfoma."

Fundi alizima, akachukua waya wenye rizista nene katikati, kile kijiti cha kubana mwendo wa umeme, akamwaga umeme uliobaki kwenye kapasita hadi mshale ukalala sifuri. Baada ya hapo tu ndipo akamruhusu mpelelezi asogeze uso.

Bi Kwanini alitoa tochi mkobani. Aliangalia kapasita mbili mpya kwanza. Viungo vyake vya risasi ya kuungia vilikuwa vinang'aa kuliko vyote vya jirani.

"Hivi ni vipya."

"Ndizo nilizobadilisha," alisema fundi. Alivuta kopo chini ya meza, akatoa mbili za zamani, matumbo yamefura. "Kitu cha mteja situpi mpaka akichukue."

Mpelelezi akasogea kwenye transfoma. Hapo alikaa muda mrefu. Alimulika kila skrubu, moja baada ya nyingine, akakwaruza kwa ukucha.

"Njoo," alimwambia mpiga gitaa. "Ona hapa. Kutu imetoka kwenye kichwa cha skrubu, imevuka, imeingia kwenye chuma cha sahani. Kipande kimoja, kama ganda la kidonda. Ukizungusha bisibisi hata kidogo, inapasuka. Zote nne hivi hivi. Hizi skrubu hazijaguswa tangu wewe unanyonya."

Kreti la Mwenyekiti lililia. Alikuwa amesogea mbele.

"Basi tyubu!" alisema mpiga gitaa. "Kabadilisha tyubu!"

"Ziko mbili ndogo zinazofanana?"

"Pacha," alisema fundi. "Zinabadilishana viti."

"Zibadilishe viti."

Wakasubiri vioo vipoe, zikabadilishwa, amplifaya likawashwa tena, rangi ya kaa ikapanda tena, na mara hii hata mke wa mpiga gitaa alikuwa amesogea kutazama, mkono mmoja mfukoni mwa mumewe kwa kuwa gauni lake halikuwa na mfuko. Mguu wa sita: mia mbili na themanini, pale pale.

"Lawama imebaki kwenye kiti," alisema Bi Kwanini. "Haikumfuata aliyekikalia. Tyubu haina kosa." Alimtazama fundi. "Nieleze, kwa lugha ya mtu asiyejua. Mguu wa sita kazi yake nini?"

"Humo ndani ya kioo kuna njia mbili, kulia na kushoto, kama nyumba ya vyumba viwili. Kila chumba kinapokea umeme kwa juu, na kuutoa kwa chini. Mguu wa sita ndio juu ya chumba hiki. Wa nane ndio chini, unakokwenda ardhini."

"Na chumba cha pili? Kinapata umeme kutoka wapi?"

"Pale pale. Bomba moja."

"Kipime juu yake."

Fundi akapima mguu wa kwanza. Mia na themanini. Safi kabisa.

Bi Kwanini alitembea mpaka dirishani, akarudi. Fundi wa simu alisogeza miguu kumpisha.

"Bomba moja, vyumba viwili," alisema. "Kama transfoma ingekuwa imezidi, ingezidi kote. Kimoja kina mia na themanini kwa sababu kinakunywa. Huyu ana mia mbili na themanini kwa sababu hanywi. Umeme umemjaa mpaka mdomoni, umesimama. Shemeji yako hakukuongezea kitu, bwana. Volti zimezidi kwa sababu hakuna anayezitumia."

"Ee," alisema fundi, taratibu, na macho yake yakahama kwenda mguu wa nane. "Ee! Kwa hiyo chini..."

"Usiniambie. Ngoja nimuulize mwenyewe. Gitaa liko wapi?"

"La nini?" aliuliza mpiga gitaa.

"Mmemchunguza huyu kama maiti. Volti, volti, volti. Kuna aliyempa nafasi ya kuongea wakati mnampima?"

Wakatazamana. Fundi hupima, akimaliza huweka mita kando, ndipo hujaribu sauti. Mpiga gitaa hujaribu sauti, ikigoma ndipo huchukua mita. Hakuna hata mmoja aliyewahi kufanya yote mawili kwa pamoja, maana mkono mmoja uko mfukoni na mwingine umeshika ncha ya mita. Nani apige?

Gitaa likaletwa, likachomekwa. Mpiga gitaa akavuta uzi. Kimya, mngurumo tu.

"Mita ya njano, mguu wa nane."

Mkewe ndiye aliyeshika. Nne na nusu. Mumewe akavuta uzi. Kimya.

"Nyeusi."

Fundi akagusisha ncha. Mshale ukapanda hadi mbili. Mpiga gitaa akavuta uzi.

Amplifaya likaimba.

Haikuwa sauti kubwa. Ilikuwa nyembamba, yenye mikwaruzo, kama mtu mzima aliyeamshwa anayeongea akiwa hajafumbua kinywa vizuri. Lakini ilijaza chumba. Kopo la skrubu kwenye meza ya fundi wa pasi likatetemeka nayo. Mpiga gitaa akaondoa mkono kwenye nyuzi kama aliyeungua, na sauti ikaendelea kufifia peke yake, ikijikunja, hadi ikaisha.

Fundi akainua ncha ya mita.

"Piga tena," alisema.

Uzi. Kimya.

Akagusisha. Uzi. Sauti.

Akainua. Kimya. Akagusisha. Sauti.

"Toba," alisema Mwenyekiti, na akasimama.

"Linaongea likishikwa mkono," alisema yule dada. Nywele za mkono wake zilikuwa zimesimama, na alizitazama kwa mshangao kama si zake.

"Usiondoe," mpiga gitaa alimwambia shemeji yake. "Ngoja. Usiondoe." Akaanza kupiga, si uzi mmoja sasa, bali kipande kirefu, polepole. Noti zilizopigwa kwa nguvu zilitoka zimepasuka pembeni. Zilizopigwa kwa upole zilikaribia kupotea kabla hazijafika. Alifumba macho. Kule mlangoni watu wawili waliokuwa wanapita kwenye korido walisimama, mmoja na ndoo kichwani.

Bi Kwanini ndiye aliyemkatisha, kwa kumshika bega.

"Baadaye. Shika mita yako ya njano, weka mguu wa sita. Fundi, wewe nyeusi, mguu wa nane, ukiambiwa tu. Soma."

"Mia mbili na themanini."

"Gusa."

"Mia mbili na... inashuka! Mia mbili sitini na kitu! Inashuka, mama!"

"Inua."

"Imepanda. Mia mbili na themanini."

"Gusa."

"Imeshuka!" Alikuwa anacheka. "Shemeji, ona! Ona inavyoshuka!"

"Inakunywa," alinong'ona fundi. "Imeanza kunywa."

"Kwa nini ya mshale inainywesha na ya njano hainyweshi?" aliuliza Bi Kwanini.

"Kwa sababu mshale una uzito wake, mama. Ili usogee, lazima umeme upite ndani ya mita wenyewe, upite ukashuke ardhini. Hiyo ya njano inaonja kwa ncha ya ulimi tu."

"Kwa hiyo mguu wa nane hauna njia ya kwenda ardhini. Njia imekatika. Ukiweka nyeusi, mita yako inakuwa njia." Alivua miwani, akaifuta. "Ndiyo maana majibu yalikuwa mawili. Hatukuwa tunampima huyu. Tulikuwa tunamshikilia asianguke, kila mmoja kwa nguvu zake, halafu tunashangaa kwa nini uzito unatofautiana."

Mwenyekiti alirudia maneno hayo chini ya pumzi yake, kama mtu anayetaka kuyakumbuka nyumbani.

"Njia hiyo ni nini?"

"Rizista moja. Hii." Fundi alionyesha kijiti kidogo cha kahawia chenye mistari ya rangi, kizima machoni, kimelala kati ya waya. "Lakini iko nzima. Nimeiona mara mia."

"Umeiona. Umeiuliza?"

Likazimwa, likamwagwa umeme. Fundi akanyanyua mguu mmoja wa rizista kwa chuma cha moto cha kuungia, akaipima ikiwa peke yake. Mshale haukusogea. Akaishika kwa koleo, akaigeuza, na Bi Kwanini akamulika.

Tumboni, upande uliokuwa umetazama chini, palikuwa na ufa mwembamba kama unywele. Rangi ya juu ndiyo iliyokuwa imeshikilia vipande viwili visiachane. Na ndani ya ufa, umebanwa, palikuwa na uzi mdogo mwekundu, wa pamba.

"Kwa nini?" alisema Bi Kwanini.

Mara hii wote wawili waliinama kuutazama uzi.

"Fundi, unasafishia nini?"

Fundi akaonyesha brashi ya manyoya meupe. Kitambaa hakikuwepo mezani, wala chini yake, wala kwenye kopo.

"Hii rizista haikuungua, ingekuwa nyeusi. Haikuchakaa. Imesukumwa kutoka juu, kwa nguvu, na kitu laini ili isichubuke, na nyuma ya kile laini kulikuwa na kitu kigumu. Ilipovunjika ikauma uzi." Alimgeukia mpiga gitaa. "Umesema ulifungua ukapima. Jumatatu. Kabla ya Jumatatu, hukutia mkono humu?"

"Mimi? Nimepima tu."

"Sijauliza umefanya nini. Nimeuliza lini."

"Si... Mimi ni mtu wa nyuzi, mama, haya mambo ya ndani—"

"Nipe hiyo tochi," alisema mkewe. Aliinama juu ya rizista, akakaa hivyo. Alipoinuka uso wake ulikuwa umetulia kwa namna ambayo mumewe aliijua, kwa sababu alirudi hatua nyuma.

"Soksi," alisema.

"Soksi gani?"

"Soksi yako ya kuchezea mpira. Nyekundu. Moja. Nimeitafuta chini ya kitanda, nimeitafuta kwenye kamba, nimewasingizia majirani. Na Jumapili nimekukuta jikoni umeshika mwiko wangu, nikakuuliza unapika nini, ukaniambia unaua mende."

Fundi wa pasi alianza kucheka, akajificha nyuma ya pasi.

Mpiga gitaa alilitazama gitaa lake, halafu dari, halafu kidole cha mguu wake.

"Lilikuwa linalia kri-kri-kri," alisema hatimaye. "Noti za chini. Kitu kinatikisika ndani. Nikasema nikilirudisha kwa shemeji atasema mimi mgonjwa, kila siku narudi. Nikachomeka soksi kwenye uwazi ule wa nyuma, ikagoma kuingia, nikaisukuma kwa mpini wa mwiko. Nikalitikisa sanduku, kri-kri imeisha."

"Na sauti pia ikaisha," alisema fundi.

"Sikujua inaishia hapo! Jumatatu liliponyamaza nikaichomoa. Nikapima. Nikaona volti zimezidi. Volti zimezidi, mtu yeyote angesema kuna aliyeongeza kitu, sasa nani mwingine aliingia humo? Nilisadiki kabisa, wallahi. Sikukusingizia nikijua."

"Ungenifukuzisha hapa, shemeji." Fundi hakupaza sauti. "Kwa soksi."

Mwenyekiti alikuja mpaka mezani. Aliitazama rizista kwenye koleo, akaomba tochi, akautazama ule ufa na ule uzi, akatikisa kichwa polepole kama mtu aliyeonyeshwa nyota kwa darubini. Kisha akapiga meza kwa kiganja.

"Meza ni yake," alitangaza kwa karakana nzima. "Mwenye neno aseme sasa." Mwenye neno hakuwepo. "Na wewe kijana wa gitaa, kesho asubuhi utakuja kumwomba radhi mbele ya hawa hawa uliompigia kelele mbele yao. Bila kelele."

"Hata sasa hivi naweza."

"Kesho. Ulale nayo kwanza."

Dada mtu alimshika mdogo wake shingoni, akamvuta, wakagonganisha vipaji vya uso, akamwachia. Mafundi wakarudi kwenye kazi zao, feni ikawashwa. Bi Kwanini aliufunga mkoba wake, ila hakuondoka. Alikuwa bado anatazama zile tyubu, ambazo rangi ilikuwa imeshazitoka yote, kaa, chungwa, kutu.

Fundi alifungua droo ya vitu vidogo, akachagua rizista mpya, akaipima, akaridhika. Akapuliza ncha ya chuma cha moto. Alivikata vipande vya ile ya zamani, akavidondosha mezani, akaisogeza mpya mahali pake.

"Dakika mbili," alisema. "Litaimba kuliko lilivyokuwa. Sauti nene, safi, chumba kizima."

"Subiri," alisema mpiga gitaa.

Hakuwa amesogea alipokuwa amesimama. Gitaa lilikuwa bado shingoni mwake, na mkono wake wa kushoto bado umeshika ile noti ya mwisho, ingawa hakukuwa na umeme wala sauti.

"Ile sauti," alisema. "Uliposhika. Ilivyokuwa inakaribia kupotea halafu haipotei. Nimeitafuta tangu nianze kupiga. Nimebadilisha nyuzi, nimebadilisha magitaa matatu, nimenunua hili nikidhani imo humu. Kumbe haimo. Inakuja ukigusa tu."

"Shemeji, hiyo ni hitilafu."

"Najua ni hitilafu." Mkewe alikuwa ameanza kumtazama kwa wasiwasi. "Usiiunge. Jumamosi tunapiga ukumbini, watu watajaa. Naomba uje. Nakuomba upande jukwaani, usimame nyuma yangu, mkono mmoja mfukoni, ushike ncha ya mita yako pale mpaka wimbo uishe."